Masika Niliyokuwa Pua ya Bibi

Maziwa yanayokaribia kushika chini ya sufuria hayanuki kuungua mara moja. Kwanza utamu wake unazidi, harufu inakuwa nzito kama ya samli iliyowekwa juani. Kisha inapungua, kwa muda mfupi tu, na baada ya hapo ndipo inapokuja ile nyingine, kama ya unywele uliopitiwa na moto. Nilijifunza mfuatano huo nikiwa darasa la tatu, katika jiko la bibi yangu mzaa baba, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe. Yalikuwa masika. Nyumba yetu ya Ng'ambo ilikuwa imeingia maji na ukuta wa chumba cha nyuma umelala. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa Pemba, aliamua kwamba mimi na mama tukae kwa mama yake mpaka mvua zikatike na fundi apatikane.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya mawe, ndefu na nyembamba, na ngazi zake zilikuwa zimesuguliwa na miguu hata zikaingia ndani katikati. Jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya bati, na mvua ikinyesha ilibidi watu wapaze sauti. Humo ndimo Bibi alimopika chai ya maziwa kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, akiiita ya Kiadeni, kwa kuwa wazee wake waliingia Unguja wakitokea Aden. Dhahabu za wazee hao zilikuwa zimeshauzwa, Kiarabu chao kiliishia kwa mama yake, ikabaki chai. Majirani wanawake walikuja kuinywa, wakakaa mpaka karibu na magharibi. Mama yangu, Miza, mtu wa Makunduchi, alikuwa na kazi zote katika chai hiyo isipokuwa yenyewe. Alitwanga iliki, alivunja mdalasini, aliosha vikombe, alipanga vitumbua kwenye sinia. Sufuria ikishatua juu ya makaa, Bibi humwambia, bila ukali wowote, "Haya Miza, kapumzike," na mama hushuka chini. Ndoa yake ilikuwa imenizidi umri, na bado hakuwahi kushika upawa wa sufuria ile.

Kuipika hakukuwa na siri ya viungo. Maji yalichemka kwanza na iliki, mdalasini, karafuu chache na kungumanga iliyokwaruzwa. Yakaingia majani na sukari, yakachemka mpaka yakawa meusi. Kisha maziwa, na moto ukapunguzwa kwa kutoa makaa. Baada ya hapo kazi ilikuwa kuchota kwa upawa, kuinua juu na kumimina tena, taratibu, mpaka weupe uishe na rangi ifanane na udongo mwekundu. Lakini Bibi hakuamini rangi, na wala hakuwa akionja. Aliona kuonja ni dalili ya mpishi asiye na hakika. Alisimama juu ya mvuke, ameinamisha kichwa kidogo, na harufu ikifika pale alipopataka, aliepua. Wageni walilijua hilo na walilisimulia kwa wageni wengine, kwamba Bi Salma haonji, ananusa tu.

Mwanzoni mwa mvua Bibi alishikwa na homa na mafua makali. Alipoinuka kitandani alikuwa mzima, isipokuwa harufu haikurudi. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua Ijumaa iliyofuata, aliponiita jikoni baada ya mama kushuka.

"Mke mwenzangu, njoo hapa," alisema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Nusa. Unasikia nini?"

"Chai, Bibi."

"Najua chai, si naipika mwenyewe? Inanukia vipi?"

Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Kama kabati la nguo."

"Basi bado. Iliki mbichi hiyo." Akaendelea kuchota na kumimina. Aliponiuliza tena nilimwambia inanukia kama halua, na uso wake ukalegea. Akaepua. Kisha akaniambia kwamba jambo lile ni la mimi na yeye. "Mume wetu, babu yako, Mungu amrehemu, kaondoka hakulijua. Basi na waliobaki wasilijue."

Sikuuliza kwa nini, lakini hata mtoto angeweza kuona. Mpishi aliyejulikana kwa pua, akijulikana kuwa hana pua, lazima amwachie mtu mwingine jiko. Na katika nyumba ile mtu mwingine alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo kila Ijumaa mama alishuka ngazi na mimi nikapanda. Nilikuwa nikisimama juu ya mvuke nimefumba macho, nikilinganisha harufu ile na kila kitu nilichowahi kukinusa. Nikilala nilijiuliza kama kweli ilikuwa imenukia halua, au nilisema halua kwa kuwa ndilo jibu lililompendeza. Wageni walikuwa wakinywa na kusifu, ila sifa zao hazikunituliza, kwa sababu walikuwa watu wa adabu na wangesifu hata maji ya vyombo.

Ijumaa ninayoikumbuka kuliko nyingine ilikuja na mvua iliyoanza tangu alfajiri. Muuza maziwa, aliyekuwa akiyaleta kutoka Kidichi kwa baiskeli, alifika kachelewa na kaleta nusu ya kawaida. Siku hiyo hiyo jirani yetu Bi Zuwena, ambaye ulimi wake uliogopwa mtaa mzima, alikuwa anamleta wifi yake kutoka Maskati, mahsusi aje anywe chai ya Bi Salma. Makaa yalikuwa na unyevu. Yalikataa kushika, Bibi akayapepea sana, na yaliposhika yalishika yote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu. Harufu ikazidi utamu, ikapungua, na kabla sijaamua kama kupungua kule ni kweli au ni wasiwasi wangu, ikaja ile nyingine.

"Bibi, imeshika."

Upawa ukasimama hewani. "Sana?"

"Sijui. Inanuka nywele."

Chini mlango uligongwa na sauti ya Bi Zuwena ikapanda na mvua: "Hodi wenyewe! Tumerowa!" Tukasikia mama akiwakaribisha, akipokea miavuli, akiwaketisha. Maziwa mengine hayakuwapo. Bibi aliitazama sufuria, akainama akanusa kwa nguvu, kwa pua isiyomletea chochote, akanyooka. Kisha akaita.

"Miza!"

"Labeka, mama."

"Njoo juu."

Mama alipanda haraka, akidhani kuna aliyeungua. Bibi alimwambia maneno machache, akitazama dirishani: pua yake haisikii tangu homa, chai imeshika, na wageni ndio hao. Mama hakuonyesha kushangaa. Hakuuliza kwa nini hakuambiwa mapema, jambo ambalo mimi ningeliuliza kwanza. Alichukua sufuria nyingine, akahamisha chai polepole bila kugusa chini, na ule ukoko akauacha ulipo. Kwao Makunduchi, alisema, uji ukishika hawaukwaruzi, wanauhamisha. Halafu akaweka karai ndogo motoni, akachoma sukari mpaka ikawa kahawia na kuanza kutoa moshi, akaimiminia chai juu yake. Ilipiga kelele kama kitu kilichoumizwa. Akatia iliki aliyoitwanga mwenyewe asubuhi, akasubiri kidogo, akamimina matone kiganjani na kuyalamba, pale pale mbele ya Bibi, katika jiko ambamo hakuna aliyewahi kuonja. Akasema, "Inanyweka."

Sote watatu tulishuka. Mama alibeba sinia, akagawa vikombe. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mkeka, wifi wa Maskati katikati, na vikombe vilikuwa bado mikononi, havijafika midomoni, Bibi aliposema, "Leo kapika Miza."

 Bi Zuwena akadakia. "Alaa! Mtu katolewa Maskati kwa chai ya Kiadeni, kumbe aja kunywa ya Makunduchi?"

"Kunywa kwanza, Zuwena," Bibi akajibu. "Huo mdomo uupe kazi moja moja."

Walicheka. Wifi alikunywa, akatulia, akanywa tena. Alisema ndani yake kuna kitu kama moshi, na kwamba bibi yake mwenyewe alikuwa akichoma sukari vile vile, nao walishaacha. Akaomba kikombe cha pili. Bi Zuwena akamaliza chake kimya kimya, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Ijumaa iliyofuata mama hakuambiwa akapumzike. Bibi alikaa chini na wageni tangu mwanzo, na mimi sikuitwa juu tena. Mvua zilipokatika na ukuta wetu ukajengwa, tulirudi Ng'ambo, na mama akawa anakwenda Kiponda kila Ijumaa kupika, mpaka Bibi alipofariki.

Mwaka huu nimemaliza chuo. Nasubiri majibu ya usaili wa kazi, na kusubiri hakumfai mtu wa aina yangu. Nikikosa la kufikiri narudi kwenye maneno yale matatu ya Bibi: leo kapika Miza. Kwa miaka mingi niliyahesabu kuwa heshima. Kisha nikaanza kuona kwamba aliyasema kabla mtu hajaonja, chai ikiwa imeshaungua, na kwamba mwanamke mwerevu anayehofia aibu hutaja jina la mwingine mapema. Nilipolifikia hilo sikulipenda, lakini sikuweza kuliondoa. Wiki iliyopita nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, na kikombe chake cha chai kando, ya maziwa ya pakiti na majani ya kifuko. Siku hizi kila mtu nyumbani kwetu anajitengenezea yake kwa saa yake, mimi asubuhi, baba akirudi msikitini, na hakuna anayejua ya mwenzake ina sukari kiasi gani.

Mama hakuacha kuchambua. "Wewe unaipimia kwenye aibu tu," alisema. "Ingekuwa mbaya, aibu yangu, haya. Na ingekuwa nzuri? Isingekuwa yake tena. Mtu wa kujikinga angengoja waonje, akaona nyuso zao, ndo akasema nani kapika."

"Lakini hakujua kama ni nzuri. Harufu hakuwa akisikia, na wala hakuionja."

"Hakuionja." Akalitoa jiwe dogo, akalitupa dirishani. "Mie nilipolamba kiganja, yeye hakuitazama chai. Alinitazama mimi usoni, mpaka nikameza."

Akachukua kikombe chake, akanywa, akaendelea na mchele. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimtazama mtu nyumbani akinywa chai, na sikukumbuka.