Redio Niliyoipanga Miezi Minane

Kifurushi kilinifikia Rumonge mwanzoni mwa kiangazi, ndani ya boksi dogo kama la viatu vya mtoto. Kilikuwa na redio ya kupokea na kutuma, ila haijaundwa: ubao mmoja wa kijani, vijifuko vya vipuri, waya mwembamba wa shaba na kijitabu. Kijitabu kilieleza wazi: unda kwanza redio ya kawaida, ya bendi moja, uijaribu, nyongeza zije baadaye. Matundu ya hizo nyongeza yalikuwa tayari kwenye ubao, matupu. Macho yangu yakaenda hapohapo.

Nafundisha fizikia, na kibali cha kurusha mawimbi nilikuwa nimeshakipata Bujumbura baada ya kuzungushwa sana. Lakini Morse, ile lugha ya nukta na vistari, sikuijulia shuleni. Nilifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, nikiwa na miaka kumi na mitano, na mzee aliyekuwa mtu wa redio pale. Ndiye aliyekuwa akiita malori ya chakula na gari la wagonjwa. Ujanani alifanya kazi bandarini Kigoma, na nukta na vistari vilimkaa mkononi kama mtu na jina lake. Tuliporudi Burundi mimi nilipata kazi Rumonge, yeye akapata kishamba cha michikichi Kizuka, akawa anakaa na binti yake.

Nilipompigia simu kumwambia kifurushi kimefika, Jumamosi ile ile alipanda pikipiki akaja. Alikichukua kile kijitabu mikononi mwangu, akakisoma, akanirudishia.

"Bendi moja inatosha," alisema. "Mimi nataka kusikia tu, mutoto wangu. Tangu kambi ifungwe sijasikia mtu akipiga."

"Itakuwa tayari karibuni, Muzee."

Nilinunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza niliandika bendi ya pili, maana mchana bendi moja haifiki mbali. Ukurasa wa pili, kikuza nguvu, ili tusiishie kwa watu wa jirani. Halafu kioo cha kuonyesha masafa, kichujio cha kukata kelele, kasha la aluminiamu. Kila nyongeza ilidai nyingine: kikuza nguvu kilitaka betri kubwa, betri ikataka paneli ya sola, kasha likabidi liongezwe upana. Nilichora kasha lile mara nne. Chuma cha kuchomea solda hata sikukipasha moto.

Kila Jumamosi muzee alikuja. "Amahoro. Iko tayari?" Nami nilimfungulia daftari. Alilitazama kwa adabu, akanywa chai, akarudi Kizuka.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. "Papa, huyu muzee haji kuangalia michoro."

"Nangoja transista za kikuza nguvu kutoka Bujumbura."

"Yeye aliomba transista?"

Nikageuza ukurasa. Leo naweza kusema nililolijua hata siku ile. Redio iliyo kwenye daftari haiharibiki. Nilikuwa naogopa kuunguza ubao. Zaidi ya hapo nilijua redio ikishawaka, muzee atakaa mbele yake na mimi nitarudi kuwa yule mwanafunzi mzito wa kambini. Nilitaka ibaki yangu kidogo.

Mvua zilipoanza, niliona anageuza kichwa upande mmoja ninapoongea. Kisha akawa ananifanya nirudie. Niliona, nikaongeza ukurasa wa antena. Jumamosi moja, kabla hata ya kuketi, aliniambia mwenyewe.

"Masikio yananiacha. Sauti nyembamba ndizo zinatangulia kwenda. Kwanza ndege, sasa wajukuu. Fanya haraka."

"Wiki mbili, Muzee."

Transista zilikuja, zikawa si zenyewe. Nikaagiza nyingine. Halafu ziwa la hapa Rumonge likapanda, maji yakaingia kwenye nyumba za kando, na mimi nikampigia simu binti yake nikasema mafuriko yamenivurugia kazi. Nyumba yetu iko juu, karibu na barabara ya mlimani. Hakuna tone lililotufikia.

Jumamosi tatu zikapita bila yeye kuja. Ya nne akaja binti yake, na chupa ya mawese mkononi.

"Baba ameniambia nikuletee hii, na kwamba hatakusumbua tena," alisema. "Hasikii pikipiki barabarani. Juzi moja nusura imgonge. Nimemkataza kutoka."

"Hasikii kabisa?"

"Nikipiga kelele karibu na sikio, anasikia kidogo. Kama mutu anaongea nyuma ya ukuta."

Alipoondoka nilisukuma daftari pembeni, nikapasha chuma moto. Niliunda redio ya kawaida, ya bendi moja, kama kijitabu kilivyosema. Nilianza mchana ule wa Jumamosi nikamaliza Jumapili baada ya ibada. Michana miwili. Ikawaka mara ya kwanza, bila hitilafu. Nilitamani ingekataa, ili nipate cha kusingizia.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka Kizuka na betri ya pikipiki. Nikafunga waya wa antena kati ya mchikichi na paa. Nilimvalisha muzee visikilizio, nikafungua sauti mpaka mwisho. Mimi nilisikia kituo waziwazi nikiwa nimesimama kando yake. Yeye alikunja uso, akasubiri, akavivua taratibu.

"Nipe nipige," alisema.

Nikamwekea kitufe cha kupigia mbele yake. Hakujisikia hata yeye mwenyewe, lakini mkono ule haukuyumba: wito uliotoka ulikuwa safi, wa kasi, wa mtu wa bandarini. Akaacha, akanitazama usoni. Na jibu likaja. Mtu fulani, mbali, alimjibu kwa kasi ileile aliyoitwa nayo. Mimi nilishika herufi tatu, nikapotea.

"Amejibu?"

Niliandika kwenye karatasi: Anakusalimu. Anasema unapiga vizuri sana.

Alisoma, akacheka, akamwita binti yake aone. "Murakoze," aliniambia, asante ya heshima, kama anayemshukuru mtu mkubwa. Nilifunga vitu vyangu nikaondoka upesi.

Wiki nzima sikula vizuri. Nilirudi Kizuka nikaandika ukweli wote: lile jibu nililolibuni, mafuriko, transista, hofu yangu. Ukajaza kurasa mbili. Alisoma polepole kwa kidole.

"Jibu nilijua," alisema. "Kasi ile huiwezi. Hayo mengine sikujua." Akatazama nje kwenye michikichi. "Ungeniambia unaogopa, tungeogopa pamoja."

Nilisema nisamehe, nikakumbuka hanisikii, nikaandika. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, hakusema ndiyo wala hapana.

Sasa kila Jumamosi ni mimi ninayekwenda. Yeye anapiga, mimi nasikiliza na kuandika. Nilichokishika nakiandika, nilichokikosa naacha nafasi wazi. Kuna karatasi zinazotoka karibu nyeupe. Namkabidhi hivyohivyo, naye anaziangalia zile nafasi kwa makini zaidi kuliko maneno.