Brashi Isiyotoka Unywele

Harufu ya unywele unaoungua hunirudisha uani kwetu Kinyangiri, asubuhi ile baba yangu, mtu aliyeswalisha watu msikitini, alipoinama juu ya jiko la mkaa kunusa unywele wa nguruwe. Hakuugusa. Aliyeushika kwa koleo ni Mjomba Yohana, aliyekuja nao kutoka bandani kwake.

Lakini niwarudishe kwanza mnadani, maana mambo yalianzia huko.

Ngozi ya baba ilikuwa ya vipele. Akinyoa ndevu bila povu la kutosha, shingo ilimvimba hadi kola ya kanzu ikawa mateso. Brashi yake ya zamani ya kupakia povu ilikuwa imepukutika, kila akinyoa anatema nywele. Siku ya mnada akanichukua nimbebee kikapu.

Mchuuzi alizipanga brashi juu ya turubai, katikati ya kufuli na betri za redio. Zile za nailoni zilikuwa rahisi; baba akaipitisha moja shavuni, akairudisha. "Hii ya kufagilia." Kisha akaokota yenye mpini wa mti. Akavuta nywele zake, hakuna uliotoka. Akaibonyeza kiganjani, zikachanua na kusimama tena. Akaichovya katika maji, akaikung'uta, akachungulia shinani kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe.

"Nywele za mnyama gani hizi?"

"Farasi, mzee."

"Farasi wewe umemwona wapi?"

"Picha yake ilikuwa kwenye boksi."

"Boksi liko wapi?"

"Lililoa, mzee. Mvua."

Watu wakacheka. Bei ikashuka kabla hatujaomba ishuke. Mimi niliona ni bahati. Baba alinunua, lakini njia nzima aliigeuzageuza mkononi.

Nyumbani ilitoa povu zito kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Shingo ikapona. Baba akaanza kupiga mluzi asubuhi, jambo ambalo mama alilitilia mashaka pia.

Ndipo akaja Mjomba Yohana, kaka wa mama. Mama alisilimu alipoolewa. Kaka yake alibaki na kanisa lake na nguruwe wake, na utani wake kwa shemeji yake haukuwa na mpaka. Alimkuta baba akinyoa, akaichukua brashi, akapitisha kidole gumba kwenye ncha.

"Shemeji, nywele hizi nazijua. Kila asubuhi nazipa pumba."

Baba alicheka. Kisha akaacha, povu likimkaukia shavu moja.

"Apa."

"Tangu lini utani ukaapiwa?"

Ndiyo maana jiko likawashwa. Baba alitaka uchomwe unywele wa mbuzi, wa brashi, halafu wa nguruwe, kila mmoja peke yake. Mjomba akasema wa brashi na wa nguruwe ni ndugu kabisa. Mama akasema zote zinanuka vilevile. Mimi, ambaye sikuulizwa, nilinusa nywele zilizoungua tu.

Baba hakutoa hukumu. Akaenda nyuma ya nyumba akaosha uso na mikono mara saba, moja kwa maji yenye udongo, kama alivyofundishwa kwa najisi ya namna ile. Akaifunga brashi kwa gazeti, akampa mjomba. "Wewe haitakudhuru."

Vipele vikarudi. Kidevu cha mjomba kikang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, nami nikaanza kukichunguza. Mama alisema siku moja, akichambua mboga, "Kaka yangu tangu utoto, akitaka kitu cha mtu, hukitia doa kwanza." Baba alisikia. Tangu hapo, wakila pamoja, alikitazama kidevu kile kupita kiasi.

Miaka mingi baadaye baba alilazwa hospitali ya Kiomboi, mkono hauwezi tena kushika wembe. Kila Alhamisi mjomba alisafiri kwenda kumnyoa, ili Ijumaa imkute safi. Alitengeneza povu kwa kiganja, polepole, hadi likakubali.

"Brashi iko wapi?" baba aliuliza, mdomo ukiwa mzito.

"Nyumbani, shemeji. Haijatoka unywele hata mmoja."

Wakatazamana. Nilingoja nione nani atatabasamu kwanza. Hakuna.

Nikiwa mtoto nilidhani baba alishindwa kuupata ukweli. Sasa naona hakuutaka. Kama mjomba alisema kweli, basi baba alikuwa amewaswalisha watu akiwa na najisi usoni. Kama alidanganya, mama angekuwa na kaka mwongo, na sisi tungekosa mtu wa kucheka naye uani. Baba alitoa brashi, akauvumilia moto wa shingo, akabaki na shemeji.

Mimi sina uvumilivu wake. Idi iliyopita nilimwuliza mjomba. Alivuta kigoda, akakaa.

"Baba yako alinyoa kwangu hadi mwisho, na hakuuliza tena. Wewe umetumwa na nani?"

Brashi inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wake, nywele zote zipo, kavu kabisa. Tangu tumzike baba, mjomba hajaitumia. Ameacha ndevu ziote, nyeupe, hadi kifuani.