Kaka Shabani Alicheza kwa Masikio

Ninyi mliokua enzi za ruksa, soko lilipofunguliwa na vitu vya ng'ambo vikamwagika hadi kwetu Chanika, mjini Handeni, mtanielewa. Baba alirudi safari na gemu la kuchomeka kwenye televisheni, kalifunga kwenye shuka la mtumba. Basi, utulivu ukahama nyumbani! Tulijazana mkekani, miguu ina vumbi jekundu, kisamvu kinanukia jikoni, tunagombania pedi mbili za kuchezea.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Televisheni ilitumia betri ya gari, na betri ikichoka, picha ilisinyaa kutoka pembeni, ikasinyaa weee, hadi kukawa giza. Sauti iliendelea. Watoto wa nyumba nyingine wangezima wakacheze rede. Sisi? Thubutu! Kaka yangu Shabani aligundua kwamba muziki ulikwenda sambamba na safari ya yule kikaragosi wa kwenye gemu: ukifika kile kipande cha sauti kupanda juu, shimo liko mbele yako, ruka! Mimi nilitumbukia kila mara. Yeye alivuka yote, kafumba macho kwa maringo.

Mama akipita alitikisa kichwa. "Haya, wanangu wanatazama giza. Mungu nisaidie."

Sasa kaka anaishi Korogwe, na kisukari kimemnyang'anya macho. Alikuwa amekoma kucheka, na hilo liliniuma kuliko hata macho yenyewe. Nikatafuta programu inayoiga lile gemu letu, nikaiweka kwenye kompyuta yangu kuukuu, nikamfuata. Nilitaka nimsikie akicheka, basi.

Vijana wa leo, mnaocheza kwenye simu huku mmezima sauti, hamwezi kuijua tabu niliyoipata. Nikichagua sauti sahihi kabisa, kompyuta inaelemewa, gemu linatambaa, muziki unakatikakatika. Nikichagua sauti ya kulipualipua, ya bora liende, gemu linakimbia na picha inang'aa, ila muziki unachelewa. Nikaona afadhali hiyo ya pili. Kaka akaruka kwa kuufuata muziki, akatumbukia. Mara ya pili, akatumbukia. Ya tatu, akaiweka pedi chini taratibu.

"Acha tu, mdogo wangu. Hata masikio yamezeeka."

Jamani, nilitaka kulia. Masikio yake hayakuwa na kosa lolote! Kosa lilikuwa langu mimi niliyehangaika kuipendezesha picha, wakati mwenyewe haioni. Nikarudi kwenye sauti sahihi, kisha nikaiambia kompyuta iache kuchora kila picha, ichore moja na kuruka kadhaa, nguvu yake iende kwenye sauti. Skrini ikawa inashtukashtuka, ovyo kabisa. Lakini muziki ukatoka mzima, na kwa wakati wake.

"Shika tena, kaka."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Kipande cha kupanda juu kikaja. Akaruka. Akavuka shimo! Akavuka na la pili, na la tatu, kisha akaangua kicheko cha utotoni hasa, mabega yanatikisika, anagongagonga pedi pajani.

Wanawe wakachungulia skrini, wakasema, "Shangazi, gemu hili bovu, picha inakwama." Niliwaacha waseme. Zamani tulikaa bega kwa bega, macho yetu sote kwenye televisheni. Siku hiyo skrini sikuitazama hata kidogo. Nilimtazama yeye.