Visiki vya Shu pale Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini kama moniteri, yaani mwelekezi wa wakulima, Bwana Agronomu, mtaalamu wa kilimo na mkubwa wangu, alinikabidhi jembe, mbegu za shu, yaani kabichi, na onyo juu. "Mama Moniteri, kule Wamaza shu haijafunga kichwa hata siku moja. Ikishindikana, bustani tunaifunga na wewe unarudi Kasongo." Mimi nirudi mikono mitupu? Thubutu! Nikapanda pikipiki.

Mimi na kikundi cha akina mama wa Wamaza tulipanda shu kiangazi kilipoingia, asubuhi zina baridi na umande. Shu hupenda hali hiyo. Majani hujikunja yakafunga kichwa. Zangu za mfano, bustanini kwangu, zilitangulia kukomaa. Nilizibana kwa kidole gumba, hazikubonyea, na hiyo ndiyo dalili ya kuvuna. Nikakata vichwa, visiki nikaviacha vichipue, maana machipukizi yale kwa mawese nilikuwa nayapenda mno.

Jua lilipoanza kuwaka kuelekea mvua, viwavi vya kijani vikaingia kwenye shu za akina mama, ambazo nyingi hazijafunga. Tuliviokota kwa mkono, tukanyunyiza majivu alfajiri ili yashikwe na umande. Kesho yake vipo tena. Bwana Agronomu alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Nililia, sifichi.

Mama Zaina, mmoja wa wakulima wetu, ndiye aliyetafuta vilikotoka. Aliniita bustanini kwangu, akafunua chipukizi. Viwavi tele.

"Mama Moniteri, sisi tunaua kule, wewe unavichunga hapa! Hivi visiki iko nyumba yao."

"Lakini iko mboga yangu, Mama Zaina."

"Basi chagua: sufuria yako ao shu yetu."

Aibu niliyoiona! Niling'oa visiki vyote mbele ya kikundi kizima, tukavichoma, tukaendelea na kuokota na majivu kila alfajiri. Viwavi vikapungua, vichwa vikafunga.

Bwana Agronomu alipofika alibana kichwa kimoja, cha pili, cha tatu. "Hii shu nani aliitoa Kasongo?"

Akina mama wakapiga vigelegele. "Imeota hapa hapa, Bwana Agronomu! Kata, ubebe!"

Bustani haikufungwa. Baadaye nilihamishiwa Lusangi, kisha Nyangwe, chini ya wakubwa wengine, na kote somo langu la kwanza lilikuwa kung'oa visiki. Leo nimestaafu, niko Kasongo na matuta yangu sita nyuma ya nyumba. Mama Zaina akija kunitembelea, kabla hata ya salamu hupitia bustanini kukagua. Hajakuta kisiki hata kimoja.