Ngome Vidoleni mwa Fundi Saa

Fundi saa wa mtaani kwetu huinua ngome ya sataranji kwa ncha za vidole viwili, kama kigurudumu cha saa. Jana mashindanoni nilitoka sare na bingwa, watu wakanipigia makofi. Baadaye fundi akakaa nami, akazipanga upya kete zilizobaki: wafalme wawili, ngome mbili, askari wangu mmoja. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, kama kawaida yake.

"Hapa ulikuwa umeshinda, ndugu yangu. Na hapa tena. Ungeirudisha ngome nyuma ya askari wako, kazi ingekwisha."

Roho iliniuma, makofi yote yakanigeukia aibu. Nikamuuliza kwa kebehi mbona yeye haingii mashindanoni. Akacheka kidogo.

"Nikicheza mwenyewe, nafasi kama hizi sizioni."

Hata unyenyekevu, jamani, kanizidi!