Jogoo wa Mama Darasani

Nilimbeba jogoo wa mama shuleni ndani ya begi la vitabu. Nalisema mapema ili mcheke mmalize, kwa sababu hiyo bado si aibu yenyewe, hiyo ni njia tu ya kuielekea.

Tena hakuwa jogoo wa hivi hivi. Jumamosi wakwe watarajiwa walikuwa waje kutoka Khwisero kwa habari za dada yangu Nafula, na kwetu mgeni wa aina hiyo hapewi kuku wa kununuliwa. Huchinjiwa jogoo aliyekulia pale nyumbani, na mzee wao huwekewa firigisi mbele yake, akiikosa anaweza kuvaa kofia yake arudi kwao bila kusema kitu, na posa ikaishia hapo. Mama alikuwa amemlisha jogoo huyo mahindi kwa mkono wake hadi akawa mpole kama shemasi.

Sasa, Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Walimu wakiwa na wazazi, sisi wa kidato cha nne hupewa madarasa ya wadogo tuyatulize, na Madam Khasandi wa Kiingereza alikuwa amenikabidhi kidato cha pili niwafundishe kauli ya kutendwa. (Alinichagua kwa sababu ndimi ninayepiga kelele zaidi, mwalimu mjanja humpa mwizi ufunguo.) Wale watoto walikuwa wamekariri kanuni yote, lakini ukiwauliza kwenye sentensi nani anatenda na nani anatendwa, wanaangalia dari. Nikawaza, nikipata kitu ambacho kazi yake ni kutendwa tu, wataelewa. Ndipo nikamkumbuka shemasi.

Na kwa kweli somo lilianza vizuri. Andati, kijana mdogo wa dawati la mbele, akamshika jogoo, na darasa zima likasema kwa Kiingereza kwamba jogoo anashikwa na Andati. Akapokezwa jirani, jogoo akabebwa. Akapapaswa, akapimwa uzito, akasifiwa, watoto wakawa wanatunga sentensi wenyewe, hata wale wa nyuma ambao hulalanga. Nikajiona mwalimu kabisa, nikaweka mikono nyuma, nikatembea kati ya madawati nikikohoa. Kisha nikataka sentensi moja zaidi (hakuna aliyeniomba), kwamba jogoo anarushwa juu. Nikamrusha. Jogoo akakumbuka kwamba ana mabawa, akatoka dirishani.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, pale walipofungwa kuku walioletwa na wazazi kwa chakula cha mchana, akiwa tayari kwapani mwa mpishi, Mzee Shikuku.

"Huyu naye amejifungua kamba," alikuwa akimwambia Madam Khasandi, aliyekuja kuulizia sahani. Kisha akaniona nikihema. "Kijana, ni wako?"

Madam akanitazama. Ukileta mnyama shuleni unatumwa nyumbani, na mama yangu alikuwa ameketi pale kwenye hema la wazazi na leso yake mpya.

"Hapana, mzee. Nadhani ni wa wageni."

"Basi atangulie," akasema, na kisu kilikuwa mkononi.

Nilifungua mdomo nijirekebishe, lakini Madam akauliza, "Na darasa langu umemwachia nani?" Nikarudi darasani. Ndiyo, nilirudi.

Wakati wa chakula nikapewa jagi na beseni niwanawishe wazazi wanaomaliza kula. Nilipofika kwa mama alikuwa amekula nusu ya sahani.

"Makokha, hawa watu wanajua kupika," akaniambia. "Kuku wa kienyeji kabisa. Aliyemlea alikuwa na mkono."

Nikasema ee, huku nikimwagia maji viatu vyake. Andati, aliyekuwa akikusanya sahani na ameyaona manyoya ya jogoo jikoni, akasimama kumsalimia mama vizuri, akaongeza kwa fahari, "Mama, huyo ndiye jogoo Makokha alitufundishia Kiingereza. Alimtoa kwa begi lake."

Mama akaacha kutafuna. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akarudi kwenye sahani. Kisha akaendelea kula polepole hadi mwisho, kama mtu anayekula matangani kwa marehemu aliyemfahamu.

Njiani, kati ya mashamba ya miwa, mama alitangulia. Mimi nilikuwa nikimfikiria Gavana, jogoo wangu mwenyewe, niliyemlea tangu mwewe alipomchukua mama yake. (Sikumpeleka yeye shuleni kwa sababu hudonoa watu, na pia, tusidanganyane, kwa sababu nampenda.) Niliapa moyoni kwamba nikifundisha tena, nitafundisha kwa chaki, na chenye uhai kibaki kwao. Tulipofika langoni nikajikaza.

"Mama, wakwe wachinjiwe Gavana."

"Huyo nilishamchinja moyoni tukiwa bado hemani," mama akasema. "Nilichokuwa nikiwaza njia nzima ni kingine. Kama yule jogoo alikuwa wangu, mbona walinipa shingo?"