Mgahawa wa Mtani

Kwetu Mfaranyaki, anayesimama kwenye mkutano wa mtaa kulalamika ndiye anayepewa kazi ya kurekebisha alicholalamikia. Hilo nalijua tangu zamani, na bado siku ile nilisimama. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametuhimiza asubuhi nzima tuunge mkono biashara za nyumbani, tununue kwa majirani, hela izunguke hapahapa Songea badala ya kupanda basi kwenda Dar. Maneno mazuri kabisa, na tukayapigia makofi. Kisha yakaletwa maji ya chupa na biskuti za wajumbe, na kila kitu kilikuwa kimetoka Dar, mpaka karatasi za kufutia midomo.

Damu ikanichemka. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, sauti yangu haijawahi kuhitaji spika. Nikauliza kama kweli mji mzima umekosa mtu wa kukaanga maandazi. Nikasema yupo mama hapa mtaani, anapika samaki mbasa wa Ziwa Nyasa na maharage ya Umatengoni mpaka mtu anajing'ata vidole, na ninyi mnaopiga makofi hapa hamna hata mmoja anayekanyaga mgahawani kwake. Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mwalimu amesema vizuri," akasema. "Basi Mwalimu ndiye mhamasishaji wetu."

Makofi ya safari hii yalizidi yale ya kwanza, na mkutano ukafungwa.

Huyo mama niliyemsema ni jirani yangu. Ni Mhehe wa Iringa, alikuja Songea akimfuata mumewe aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mume alipofariki yeye akabaki, akakodi fremu karibu na kijiwe cha bodaboda, akaanza kupika. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana vita, na vita vilipokwisha wakaona heri wajukuu wapigane kwa mdomo. Ndiyo sababu Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakuvua kofia akaenda nayo, akachota ugali kwenye sahani yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayemkasirikia mtani huonekana hakulelewa. Kila asubuhi mimi humuuliza jirani yangu kupitia uani, "Mhehe, umepika mbwa wa nani leo?" naye hunijibu kwa salamu ya kwao, "Kamwene, Mngoni. Wako alikuwa mgumu, bado namchemsha." Hatujawahi kusalimiana kama watu wenye akili, na sina rafiki mwingine ninayempenda kama yeye.

Sasa, muda si mrefu kabla ya mkutano ule, alikuja kwangu akaketi, akaniambia kwamba kaka yake amempatia chumba cha biashara Iringa. Wateja walikuwa wamehamia kwenye jengo jipya kando ya lami, penye televisheni kubwa kama mlango na chipsi za kila aina. Mvua zikianza, akasema, atafunga mgahawa na kurudi kwao. Alinieleza yote hayo bila kunitukana hata mara moja, ndipo nikajua kwamba hatanii. Alipoondoka nililia jikoni, na nilikuwa na hasira zaidi kuliko huzuni.

Kwa hiyo uhamasishaji niliupokea kwa moyo wote. Nilianza kistaarabu. Nilisema kwenye jumuiya, nikasema na kina mama wa msikitini, nikasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Wakristo wakaniambia, "Tutakuja, Mwalimu, Mungu akipenda," na Waislamu wakaniambia, "Inshallah, Mwalimu." Mungu alionekana hapendi. Jioni nilikuwa nawaona walewale wakipita mbele ya mgahawa wa jirani yangu na chipsi mkononi, wakitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna jambo kule.

Jumapili moja uvumilivu ukaniishia. Watu walipokuwa wanatoka misa nilisimama pale nje nikatoa sauti ya paredi.

"Ninyi Wangoni gani?" nikasema. "Mtani wenu anafunga mgahawa, anarudi Iringa! Akifika kule atawaambia nini Wahehe wenzake? Atawaambia Wangoni walikimbia ugali!"

Niliona mgongo wa mzee mmoja fundi seremala ukinyooka. Huyo mzee alikuwa hajala nje ya nyumba yake kwa miaka, lakini kukimbia, tena kumkimbia Mhehe, lilikuwa jambo jingine.

Kesho yake mgahawa ulijaa hadi nje. Watu walikalia ndoo zilizopinduliwa, wengine walikula wamesimama. Nikajisimamisha mlangoni nikivimba kichwa, nikipokea pongezi. Kisha nikaanza kuangalia wanavyoondoka.

Seremala alimaliza samaki, akafuta mdomo, akainuka.

"Shikamoo, mzee," jirani yangu akasema. "Naona umesahau kulipa."

"Marahaba. Kulipa?" Mzee akageuka kwa watu. "Jamani, mtani hulipa? Babu yake alikula ng'ombe wa babu yangu, zizi zima! Huyu samaki leo ni mkia tu wa ng'ombe mmoja."

"Babu yako alikuwa na ng'ombe?" jirani yangu akasema. "Sisi tulisikia mifugo yake ilikuwa panya."

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga mchuzi. Seremala alicheka kuliko wote, akatoka, na kijiko cha mgahawa kikiwa kwenye mfuko wa shati. Waliomfuata nao wakakumbuka ng'ombe wa babu zao. Sikuwa najua kwamba Wangoni tuliwahi kuwa na ng'ombe wengi kiasi kile. Kijana mmoja wa bodaboda, Myao wa Lusewa, aligundua mchana uleule kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa Mngoni, akaongeza sahani ya pili kwa niaba ya bibi. Mtumishi mmoja mgeni kutoka Kilimanjaro alilipa, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Tulimwonea huruma.

Wiki ile hali ilizidi kuwa mbaya. Hakukuwa na mgahawa unaopendwa kama ule Songea nzima, na ulikuwa unakufa kwa kupendwa. Mtu akichukua paja la kuku kutoka sufuriani kwa mkono wake mwenyewe, jirani yangu alicheka. Mtu akiondoka na kigoda, alicheka. Angefanya nini? Akinuna, habari ingefika Iringa kabla yake. Jioni moja alinikuta uani akasimama kando yangu na mwiko mkononi.

"Mngoni," akasema, "uliniletea wateja au nzige?"

Akaongeza kwamba amempigia simu kaka yake. Hatangoja mvua zikolee. Gari likipatikana tu, anaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamtaka apige marufuku utani katika biashara. Akanitazama kana kwamba nimemwomba apige marufuku mawingu ya milima ya Matogoro.

"Mwalimu, utani hauko chini ya serikali," akasema. "Halafu, kusema kweli, hata mimi jana nilipita pale. Yale maharage, Mwalimu! Yale maharage!"

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu, na kila niliyekutana naye alinipisha njia. Nilikuwa nimekasirikia mtaa mzima, nikamkasirikia hadi jirani yangu kwa kucheka badala ya kuwamwagia watu uji. Ndipo hasira ile ikanifungua macho. Nikamwita uani.

"Wewe Mhehe, nani alikwambia utani unakwenda upande mmoja?"

Akaanza kucheka, na safari hii alicheka kweli, mpaka ikabidi ashike ua.

Jumamosi akajifunga khanga mbili, akatoka. Aliyeanza kuonja ni muuza maji: alichukuliwa mkokoteni akiwa bado ameushika. Mimi nikafuata nyuma. Nikiwa Mngoni sikuweza kumsaidia, lakini hakuna aliyenikataza kutazama. Kwa seremala alikuta benchi refu limepigwa msasa, linasubiri rangi, mwenyewe aliyeliagiza alikuwa aje kulichukua.

"Babu yangu aliketi kwenye mawe kwa ajili ya vita vyenu," jirani yangu akasema, huku akilipakia mkokotenini. "Mimi siketi kwenye mawe."

Seremala akafungua mdomo. Mafundi wenzake walikuwa wameacha misumeno wanamtazama, na mshipa wa shingoni kwake ukatuna. Lakini yeye ni mzee aliyelelewa. Alicheka kama mtu aliyekanyaga mwiba katikati ya misa.

Tukaenda mashine ya kusaga, akabeba unga. Kwa muuza kuku akachagua jogoo yule mkali ambaye mtaa mzima ulimwogopa. Nyumbani kwa mwenyekiti hakukuta mtu ila mkungu wa ndizi barazani, akasema ndizi zinatosha kumwakilisha mwenye nyumba. Kwenye kijiwe cha bodaboda alimwendea kijana wa Lusewa na kumwambia ampeleke Matogoro akanunue mboga, kisha amrudishe.

"Mama, lakini mimi si Mngoni kamili," kijana akasema. "Mimi Myao. Kabisa."

"Jumatatu ulikuwa Mngoni sahani mbili. Washa pikipiki."

Hadi jua linazama, Mfaranyaki hapakuwa na Mngoni hata mmoja. Wote walikuwa Wamatengo, Wanyasa, au watu tu. Milango ilifungwa mapema, kuku wakaingizwa ndani, na mama mmoja alinikabidhi cherehani yake nimfichie, akisahau kwamba mwenye zamu ya kuchukua ni jirani yangu wa ua uleule.

Baada ya misa ya kesho yake ujumbe ulikuja mgahawani, seremala mbele, mwenyekiti nyuma yake akijifanya amepita tu. Walikaa kwenye benchi lenyewe. Mashauri yalichukua muda, kwa sababu kila hoja ilibidi itanguliwe na matusi ya heshima. Mwishowe ikakubaliwa hivi: utani wa mdomo, ruksa wakati wote; utani wa sufuria na utani wa benchi, haupo tena kwenye biashara ya mtu, awe Mhehe au Mngoni. Mtu alipe kwanza, ale, halafu atukane mpaka achoke. Mwenyekiti alisema hilo ndilo alilokuwa analisema tangu ule mkutano wa kwanza.

Unga ulirudi mashineni na jogoo akarudi kwake, jambo ambalo lilimsikitisha kila mtu. Benchi likabaki. Seremala alisema hawezi kulidai bila kuonekana amekasirika, basi atakuwa anakuja kulikalia mwenyewe. Akawa anakuja kila mchana, analipa, anakula, anamwambia jirani yangu kwamba Wahehe walijifunza kupika kwa kuchungulia jikoni kwa Wangoni. Naye anajibiwa. Watu wakaanza kuja kwa ajili ya majibu hayo. Kule kwenye jengo la televisheni mtu anatazama sinema za watu asiowajua. Hapa unakula mbasa na unasimangwa kwa jina la ukoo wako. Walishuka watu kutoka Matogoro. Yule mtumishi wa Kilimanjaro aliuliza kwa unyenyekevu kama na yeye anaweza kutukanwa, jirani yangu akamwambia atulie, akikaa miaka kumi atafikiriwa.

Mvua zikaanza. Na kaka yake akaja.

Alifika mchana watu wamejaa, akaegesha kenta mlangoni, akaingia akipangusa miguu. Ni mtu mpole, sauti ya chini. Alimsalimia dada yake, akasema gari ni la kuazima, vitu vipakiwe kabla barabara haijateleza. Seremala akaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikaona siwezi kulipeleka mdomoni wala kulirudisha sahanini. Nilikuwa nimeupigia kelele mji mzima kwa ajili ya mwanamke huyu. Ningemwambia nini? Kule ndiko kwao.

Jirani yangu alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Kaka," akasema, "Iringa nina ndugu wengi. Nikifa kule mtanililia vizuri, najua. Lakini hapa nikifa, huyu mzee mtani wangu atarukia kaburini, alale humo, agome kutoka mpaka apewe sufuria langu kubwa. Watu watacheka kwenye mazishi yangu hadi watie aibu. Mimi nataka kuzikwa hivyo."

Kaka yake alimtazama, akatutazama sisi. Akavuta ndoo, akaketi.

"Sufuria lipi?" seremala akauliza. "Lile la ugali, au lile la maharage?"

Nikasema kwa sauti ya paredi kwamba masufuria yote ni yangu, mimi ndiye mtani wa ua mmoja, na Mngoni yeyote atakayeyagusa atanikuta kaburini nimeshatangulia kulala. Kisha nikatoka nje mvuani haraka, kabla Mhehe hajaniona ninavyolia.